Glaida za Mafunzo ya Kijeshi Zinapotua Vibaya: Maswali ya Wazazi na Majirani

Mzazi kutoka Afrika Mashariki anayeishi London, Leicester au Edinburgh anaweza kuletewa fomu na mwanawe wa miaka 13: weka sahihi hapa, Jumamosi tunakwenda kurushwa kwa glaida ya jeshi. Fomu hiyo huzua maswali, na maswali huzidi pale inaposikika kwamba glaida ya mafunzo imetua vibaya mahali fulani na kuna mtu ameumia. Maelezo haya ni kwa ajili ya wazazi hao, watu wanaokaa karibu na viwanja, na ndugu walioko nyumbani ambao habari huwafikia nusunusu kwa simu. Tumeitumia Uingereza kama mfano kwa sababu huko watoto wa raia hurushwa na jeshi, na taratibu za kabla na baada ya ajali zimeandikwa wazi.

Glaida ni nini hasa?

Ni ndege yenye mabawa marefu isiyo na injini. Ile inayotumiwa na makadeti wa anga wa Uingereza huitwa Viking. Ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grob, ina viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na mabawa yake yana mita 17.5 kutoka ncha hadi ncha. Mwili wake umetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa na gundi ngumu. Hurushwa kwa winchi, yaani mashine iliyowekwa mwisho wa uwanja ambayo hukunja waya mrefu kwa kasi. Glaida ikishafika kimo cha mita 300 au zaidi, waya huachiwa na ndege huendelea yenyewe.

Mtoto akiwa kadeti, amekuwa askari?

Hapana. Chama cha makadeti wa anga kiliundwa Februari 1941, wakati wa vita, ili kuwaandaa vijana kwa ajili ya Jeshi la Anga, na historia hiyo ndiyo inayowatia watu wasiwasi mpaka leo. Kadeti wa sasa ni kijana wa kiraia. Hapelekwi vitani, hana mkataba wa kijeshi, na halazimiki kujiunga na jeshi akishakuwa mtu mzima.

Ni kweli kwamba ndege isiyo na injini huanguka kama jiwe upepo ukikatika?

Si kweli, ingawa ni rahisi kuelewa kwa nini watu hufikiri hivyo. Glaida huteremka polepole huku ikisonga mbele. Katika hewa tulivu, Viking iliyo kwenye kimo cha mita 300 inaweza kwenda takriban kilomita 10 kabla ya kugusa ardhi. Upepo wa mbele au hewa inayoshuka hupunguza umbali huo, ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutotoka mbali na uwanja wake.

Basi kwa nini kutua ndiko kunakoogopwa?

Kwa sababu hakuna nafasi ya pili. Rubani wa ndege yenye injini akiona amekuja juu mno au chini mno, huongeza moto, hupaa tena na kurudi kujaribu upya. Rubani wa glaida hana moto wa kuongeza. Akishageukia uwanja kwa mara ya mwisho, atatua dakika ile, penye nyasi nzuri au pasipo na nyasi nzuri, na kila uamuzi alioufanya dakika mbili zilizopita utaonekana hapo.

Upepo nao una tabia inayowakamata wanafunzi wengi. Karibu na ardhi huwa dhaifu kuliko juu, kwa kuwa miti, majengo na ardhi yenyewe huuzuia. Glaida inayoshuka dhidi ya upepo mkali huingia ghafla katika upepo mdogo, na kasi ya hewa inayopita juu ya mabawa hupungua wakati ule ule ambapo haipaswi kupungua. Kasi hiyo ikipungua kupita kiasi, mabawa huacha kuibeba ndege. Likitokea hilo mita 500 juu, rubani huinamisha pua, kasi hurudi na safari huendelea. Likitokea mita 15 juu ya nyasi, hakuna kimo cha kurekebisha. Kwa hiyo siku ya upepo wakufunzi husisitiza kasi ya ziada wakati wa kushuka, na siku ya upepo mkali hawaruki kabisa.

Ajali za kutua huwa za namna gani?

Iliyo ya kawaida zaidi ni kutua kwa kishindo: gurudumu hupiga ardhi kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Kwa macho ndege inaweza kuonekana haina dosari, lakini mwanafunzi ameketi karibu kabisa na ardhi, na mshtuko hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo baada ya kutua kwa kishindo yaangaliwe na daktari siku hiyo hiyo, hata kama kijana anatembea na kusema ni mzima.

Nyingine ni kutua kabla ya kufika uwanjani, kwenye uzio au kwenye shamba la jirani, au kupitiliza mwisho wa uwanja. Kuna pia ncha ya bawa kukamata nyasi ndefu. Bawa hilo husimama, lingine huendelea, na ndege nzima huzunguka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkia. Aina ya nne huanza wakati wa kupaa: waya wa winchi hukatika ndege ikiwa imeinua pua, na rubani ana sekunde chache tu za kuishusha pua, kurudisha kasi, na kuamua kama atatua mbele moja kwa moja au atageuka.

Kukatika kwa waya ni jambo linalotarajiwa, na hufanyiwa mazoezi. Mkufunzi huachia waya kwa makusudi kwenye vimo mbalimbali ili mwanafunzi azoee. Hakuna anayeruhusiwa kuruka peke yake kabla mkufunzi hajaridhika kwamba analimudu jambo hilo.

Parachuti haziwezi kuwaokoa?

Parachuti, yaani mwavuli wa kuokolea maisha, huhitaji kimo na muda wa kufunguka. Inafaa pale ndege mbili zinapogongana juu angani au chombo kinapovunjika. Katika mita za mwisho kabla ya kugusa ardhi haiwezi kusaidia. Kinachomlinda mtu hapo ni mikanda iliyokazwa vizuri, kiti, na kukaa kama alivyoelekezwa.

Mimi mzazi ninaweza kufanya nini kabla ya siku ya kuruka?

Mengi, na tunaomba yasichukuliwe kirahisi. Andika uzito wa kweli wa mtoto. Glaida ni nyepesi, na uzito wa watu wawili huamua mahali mizani ya ndege ilipo: kijana mwepesi mno huhitaji kuongezewa vipande vya uzito, na mzito kupita kipimo hawezi kuruka. Msichana au mvulana anayeona haya kutaja kilo zake asaidiwe kuelewa kwamba hapimwi kwa ajili ya kuchekwa.

Taja pia maradhi yote: pumu, kifafa, kuzimia, mgongo, na dawa anazotumia. Mtoto aliyeshinda njaa au kukosa usingizi asiruke. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani na kijana amefunga, aseme mapema ili apangiwe siku nyingine. Kukosa maji mwilini hupunguza wepesi wa kufikiri, na kuahirisha hakumpunguzii nafasi yake.

Je, ninaweza kukataa?

Ndiyo. Bila idhini ya mzazi au mlezi, kadeti aliye chini ya miaka 18 harushwi. Unaweza kuiondoa idhini hata asubuhi ya siku yenyewe, na kijana mwenyewe anaweza kusema hataki akiwa tayari amefungwa mikanda. Una haki pia ya kuuliza: nani atamrusha, atavutwaje, na taarifa ikihitajika ofisi itampigia nani nyumbani. Ofisa mzuri hatachukizwa na maswali hayo.

Tulisikia glaida zote zilisimamishwa kwa sababu watoto walikufa. Ni kweli?

Kusimamishwa ni kweli. Sababu inayotajwa siyo. Aprili 2014 glaida zote za makadeti nchini Uingereza zilizuiwa kuruka kwa sababu ya mashaka juu ya ustahilifu wa kuruka, yaani uthibitisho kwamba kila ndege imetunzwa, imetengenezwa na kuandikiwa kumbukumbu kama inavyopasa. Kumbukumbu hizo hazikutosha kuthibitisha hivyo. Hapakuwa na ajali moja ya vifo iliyosababisha uamuzi huo.

Matengenezo yalikuwa marefu na ya gharama. Machi 2016 Bunge lilielezwa kwamba glaida za Viking zingerudishwa hatua kwa hatua, na kwamba vikosi vya kujitolea vinavyoziendesha vingepunguzwa sana. Aina nyingine, Vigilant, iliyokuwa na injini yake ndogo, iliondolewa kabisa mwaka 2018. Vijana wengi walimaliza umri wa ukadeti bila kuruka hata mara moja, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Hata hivyo, sisi tunaona kuziacha ndege chini hadi zithibitishwe ulikuwa uamuzi sahihi.

Nikiwa karibu na uwanja na kuona glaida imeanguka, nifanye nini?

Piga simu 999 kwanza, sema umeona ndege imeanguka, na eleza mahali kwa alama zinazoonekana. Hakikisha hakuna waya wa winchi unaosonga na hakuna ndege nyingine inayoshuka kabla ya kukimbilia eneo hilo. Wapo watu wanaotembea na mbwa kuzunguka viwanja kama Kenley, kusini mwa London, na kwao waya ule ni hatari kuliko ndege yenyewe.

Ukifika kwa majeruhi, zungumza naye, mwambie msaada unakuja, na usimtoe kwenye kiti isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo. Mgongo ulioumia unaweza kuharibika zaidi kwa kuvutwa na mtu mwenye nia njema. Glaida haina tangi la mafuta, hivyo moto ni nadra, lakini usiguse sehemu zilizovunjika kwa mikono mitupu: nyuzi za kioo huchoma ngozi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Ninaweza kupiga picha?

Picha inaweza kuwa ushahidi wenye thamani, kwa hiyo ipige ukiwa mbali, uihifadhi, uwape polisi au wachunguzi. Usiitume kwenye makundi ya simu. Imewahi kutokea katika misiba mingi, ya barabarani na ya angani, mama kuiona picha ya mwanawe kabla hajapigiwa simu na mtu yeyote, na hilo ni jeraha linaloweza kuzuiwa na kila mmoja wetu.

Na kuokota kipande kama kumbukumbu?

Usiokote. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, kuchezea au kuondoa mabaki ya ndege iliyoanguka ikiwa katika utumishi wa jeshi ni kosa. Zaidi ya sheria, skrubu moja iliyohamishwa inaweza kumnyima mchunguzi jibu.

Familia huarifiwa vipi?

Familia huarifiwa kwanza, ana kwa ana inapowezekana, na majina hayatangazwi kabla ya hapo. Ikitokea kifo au jeraha kubwa, ofisa maalumu hupangiwa familia ili awe kiungo chao na jeshi. Mwambieni mapema lugha mnayoielewa vizuri na mtu gani wa ukoo atakayesema kwa niaba yenu; katika familia zetu huyo huenda akawa mjomba au baba mkubwa, na ofisa hawezi kulijua hilo asipoambiwa.

Nani huchunguza ajali yenyewe?

Inategemea uzito wa tukio na umiliki wa ndege. Kutua kwa kishindo kusikoleta jeraha huandikwa kwenye taarifa ya usalama na kuchunguzwa ndani ya shule ya glaida, ambayo makao yake yako Syerston, mkoa wa Nottinghamshire. Ndege hairuki tena hadi fundi aikague, maana nyuzi za kioo zinaweza kupasuka kwa ndani bila alama ya nje. Ajali kubwa hupelekwa kwa tawi la Wizara ya Ulinzi la kuchunguza ajali, na linaweza kufuatwa na jopo rasmi la uchunguzi wa kijeshi linaloundwa kwa mujibu wa Sheria ya Majeshi ya mwaka 2006.

Ndege ikiwa imesajiliwa kiraia, wachunguzi ni wa kiraia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009, uliokuwa mwaka wa majonzi makubwa kwa makadeti. Februari, ndege mbili ndogo za mafunzo aina ya Tutor ziligongana karibu na Porthcawl, Wales, na marubani wawili na makadeti wawili wakafa. Juni, Tutor nyingine iligongana na glaida ya kiraia huko Drayton, Oxfordshire. Rubani wa Tutor na kadeti aliyekuwa naye wakafa, na rubani wa glaida akaokolewa na parachuti. Kwa kuwa ndege za Tutor zilikuwa na usajili wa kiraia, idara ya kiraia ya kuchunguza ajali za ndege ndiyo iliyotoa ripoti zote mbili hadharani.

Jeshi likijichunguza lenyewe, si litaficha makosa yake?

Wasiwasi huu si wa kupuuzwa. Umetokana na mambo yaliyotokea kweli. Septemba 2006 ndege ya kijeshi ya Nimrod ililipuka angani nchini Afghanistan na kuua watu 14. Mwanasheria Charles Haddon-Cave aliteuliwa kupitia jambo hilo, na ripoti yake ya Oktoba 2009 ilieleza wazi kwamba usalama ulikuwa umezidiwa nguvu na mabadiliko ya kiofisi na ubanaji wa matumizi. Aprili 2010 ikaundwa mamlaka ya usafiri wa anga wa kijeshi, yenye uwezo wa kuzuia ndege zisiruke.

Mamlaka hiyo na tawi la uchunguzi bado viko ndani ya Wizara ya Ulinzi, na msomaji ana haki ya kulipima hilo mwenyewe. Kinga ya familia ni kwamba ripoti za majopo huchapishwa, zikiwa zimefichwa majina na mambo machache ya siri, na kwamba ikitokea kifo yupo mchunguzi mwingine asiye mwanajeshi, tunayemweleza hapa chini.

Je, uchunguzi unamtafuta wa kufungwa?

Hapana. Jopo la kijeshi hutafuta kilichotokea na namna ya kuzuia kisirudiwe. Halitoi hukumu ya hatia. Mtu ambaye sifa yake inaweza kuguswa na matokeo hupewa nafasi ya kusikilizwa. Polisi wakiona dalili za uhalifu, hiyo ni kazi yao na hufanywa kando. Mkufunzi anayejua kwamba ataadhibiwa kwa kila kosa dogo ataficha makosa madogo, na kosa dogo la kutua lililofichwa leo ndilo linaloweza kumuumiza mtoto wa mwingine wiki ijayo.

Mtu akifariki, sheria inafuata mkondo gani?

Katika England na Wales, kila kifo cha ghafla cha namna hii hupelekwa kwa mchunguzi wa vifo, ofisa huru wa kisheria anayejibu maswali manne: ni nani aliyekufa, lini, wapi, na vipi. Familia ni mshiriki kamili: ina haki ya kuonyeshwa nyaraka, kuhudhuria na kuwauliza mashahidi maswali, ikiwa na wakili au bila wakili. Kanuni zinataka shauri limalizike ndani ya miezi 6 inapowezekana, lakini ajali za ndege mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Scotland ina utaratibu wake, unaoongozwa na mwendesha mashtaka wa serikali.

Sisi ni Waislamu na tunataka kuzika haraka. Inawezekana?

Ombeni mara moja, kwa maandishi, na mweleze sababu. Mchunguzi wa vifo anaweza kuuachia mwili mapema huku shauri likiendelea baadaye, na mahali pengine upo uchunguzi wa mwili kwa mashine ya picha badala ya kisu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya England iliamua kwamba si halali kwa mchunguzi wa vifo kujiwekea sera ya kutotanguliza maiti yoyote kwa sababu ya imani ya dini. Hukumu hiyo haiahidi maziko siku ile ile, ila inaitaka ofisi ilipime ombi lenu kwa uzito wake.

Je, kuna fidia, na muda wake ni upi?

Aliyeumia kwa uzembe anaweza kuidai Wizara ya Ulinzi. Katika England na Wales muda wa kawaida wa kufungua dai la jeraha ni miaka 3, lakini kwa mtoto hesabu huanza siku anapotimiza miaka 18, kwa hiyo anao hadi siku ya kutimiza 21. Msisubiri hadi wakati huo: kumbukumbu hufifia na nyaraka hupotea. Mwenye shamba ambaye uzio au mazao yake yameharibiwa aandike tarehe, apige picha, na apeleke dai kwenye ofisi ya madai ya Wizara. Hahitaji kumfahamu mtu yeyote uwanjani.

Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga wa kiraia duniani, unasema katika kifungu cha 3 kwamba hauhusu ndege za jeshi, forodha na polisi. Kwa hiyo Kenya na Tanzania, kama nchi nyingine, zina ofisi za kuchunguza ajali za ndege za kiraia, na za kijeshi hushughulikiwa na majeshi yenyewe. Ukiona ajali, wajibu wako ni ule ule: omba msaada wa dharura, usihamishe majeruhi bila sababu, usiguse mabaki.

Mwanangu alikuwemo kwenye ndege iliyotua kwa kishindo. Hajaumia, ila hataki kurudi uwanjani. Nimsukume?

Usimsukume, wala usimwambie kwamba hofu ni ya watoto. Mpe nafasi asimulie mara nyingi atakavyo. Akikosa usingizi au kuota tukio hilo kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa daktari wa familia. Kikosi chake kina shughuli nyingi zisizo za kuruka, na ana haki ya kuendelea nazo bila kudharauliwa.

Ripoti zinapatikana wapi?

Ripoti za majopo ya kijeshi na za wachunguzi wa kiraia hutolewa bila malipo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Huwa ndefu na zimejaa vifupisho. Anzeni na muhtasari, kisha mrukie mapendekezo yaliyo mwishoni, ambako kila pendekezo huelekezwa kwa mwenye wajibu wa kulitekeleza. Familia ya aliyeumia au aliyefariki iombe kuelezwa ripoti ana kwa ana kabla haijatangazwa, na ije na mkalimani wake ikiwa hakuwekwa mwingine.